Jinsi ya kupiga hesabu ya amerisiamu iliyo ndani ya alamu ya moshi, bila kuifungua

Kale kadude keupe ka duara kanakokaa darini na kupiga kelele moshi ukizidi, kuna uwezekano mzuri tu kamebeba elementi ambayo hakuna mgodi unaoichimba, imetengenezwa na watu, iko namba 95 kwenye jedwali la elementi na jina lake amerisiamu. Nimeshaona watu wakiambiwa hivi wanagawanyika makundi mawili, kuna wanaotaka kakatupwe leoleo na kuna wanaoenda kutafuta bisibisi wafungue waone. Kundi la pili ndo linanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hata ukifungua hutaona kitu, kilichomo ni kidogo mno. Ila kwa kalkuleta ya simu na lebo iliyoko mgongoni mwa alamu unaweza kujua mna atomu ngapi, zina uzito gani, zinapitisha umeme kiasi gani na zimebaki ngapi tangu itoke kiwandani. Na njia yenyewe ni ileile ya wagunduzi wa mwaka 1944, maana hata wao mwanzoni hawakuiona, waliihesabu.

Vifaa: kalkuleta (ya simu inatosha, ilaze simu upande ili vitufe vya kisayansi vitokee), kalamu, karatasi, tochi kama lebo imefifia. Bisibisi haimo kwenye orodha na haitaingia.

Kwanza hakikisha yako inayo

Alamu za moshi ziko aina mbili kubwa. Kuna za mwanga, ndani kuna kataa kadogo na kijicho cha kuhisi mwanga, moshi ukiingia unatawanya ule mwanga na kijicho kinashtuka, hizo hazina amerisiamu hata atomu moja. Halafu kuna za ioni (ioni ni atomu yenye chaji ya umeme), hizo ndo zetu. Kwa sura ya nje hutofautishi, zote ni sahani nyeupe tu, kwa hiyo ishushe (nyingi unazungusha kidogo kinyume na saa inaachia, ila kama imeungwa na waya wa umeme wa nyumba usiichomoe, soma palepale juu), igeuze, tafuta lebo. Ya ioni itakuwa na ile alama ya mionzi yenye mapanga matatu kama feni, au maandishi Am-241, au vyote viwili. Kama huoni chochote cha hivo basi yako ni ya mwanga, endelea kusoma na namba zangu tu.

Hiyo 241 pembeni ya Am ndo isotopi yake. Atomu ya amerisiamu lazima iwe na protoni 95, zikizidi au zikipungua sio amerisiamu tena, lakini nyutroni zinaweza kutofautiana, na hii yetu ina nyutroni 146, ukijumlisha na 95 unapata 241. Ipo pia Am-243 inayodumu zaidi ya miaka 7,000 lakini hiyo hutaikuta darini.

Kusoma namba ya lebo

Karibu na Am-241 kuna namba, mara nyingi 37 kBq au 1 µCi au 0.9 µCi. Usichanganyikiwe, ni kama kupima umbali kwa maili au kilomita. Bekereli moja (Bq) maana yake atomu moja imevunjika ndani ya sekunde moja, basi, hakuna uchawi. Kyuri (Ci) ni kipimo cha zamani kilichotokana na gramu moja ya radiamu, ambamo kila sekunde zinavunjika atomu kama bilioni 37, kwa hiyo maikrokyuri moja, ambayo ni sehemu moja ya milioni, inakuwa 37,000 kwa sekunde. Lebo yako ikisema 0.9 µCi unazidisha 0.9 mara 37,000 unapata 33,300.

Na kile kiherufi k, maana yake elfu, usikiruke tafadhali. Mara ya kwanza nilipofanya hii hesabu niliandika 37 badala ya 37,000, majibu yote yakatoka madogo mara elfu moja, nikatembea nayo jioni nzima nikiwaeleza watu kwa kujiamini kabisa, mpaka mmoja akaniuliza sasa hiyo k ni ya nini. Sikuwa na jibu.

Kutoka kwenye mivunjiko hadi kwenye atomu

Hapa ndo penye utamu. Atomu 37,000 zinavunjika kila sekunde, unaweza kudhani mpaka wiki ijayo zimeisha, na kumbe haziishi, kwa nini? Jibu liko kwenye nusumaisha. Nusumaisha ya Am-241 ni miaka 432 na kidogo, yaani ukiwa na rundo la atomu zake leo, baada ya miaka 432 nusu itakuwa imeshavunjika, baada ya mingine 432 nusu ya zile zilizobaki, hivohivo. Jambo moja ambalo watu hulikosea hapa, wanadhani atomu inazeeka, kwamba ile iliyokaa miaka 300 imechoka na iko karibu kuvunjika. Hapana. Atomu ya amerisiamu haina kumbukumbu, ya jana na ya miaka 300 iliyopita zina bahati sawasawa, ni kama kila moja inacheza bahati nasibu kila sekunde na nafasi ya kushinda ni ileile siku zote.

Sasa tuitafute hiyo nafasi. Mwaka mmoja una sekunde 31,557,600. Zidisha kwa 432.2 unapata sekunde kama bilioni 13.64. Chukua 0.693 (kwenye kalkuleta ni ln ya 2, inatokea kwa sababu tunaongelea nusu) gawanya kwa hizo sekunde, jibu litakuja 5.08 × 10⁻¹¹. Hiyo ndo nafasi ya atomu moja kuvunjika ndani ya sekunde moja, tano kati ya bilioni mia moja, yaani ingekuwa tiketi ya bahati nasibu hata bure usingeichukua. Na bado kila sekunde wanapatikana washindi 37,000, kwa hiyo wachezaji wako wangapi?

Gawanya 37,000 kwa 5.08 × 10⁻¹¹. Unapata kama 7.28 × 10¹⁴, yaani atomu trilioni 728. Zote ziko kwenye kile kisahani.

Kuzipima uzito bila mzani

Trilioni 728 ni namba ya kutisha ila atomu ni ndogo kuliko tunavyozoea kufikiria. Gramu 241 za Am-241 zina atomu 6.022 × 10²³, hii ni namba ya Avogadro, wengi walikutana nayo shuleni wakaisahau siku ya mtihani. Kwa hiyo 7.28 × 10¹⁴ gawanya kwa 6.022 × 10²³ halafu zidisha kwa 241. Jibu ni gramu 0.00000029, au tuseme maikrogramu 0.29. Ukiweza kuikusanya yote iwe kijiboksi, kila upande ungekuwa kama sehemu tatu za mia za milimita, mwembamba kuliko unywele. Kiuhalisia haijakaa kama kijiboksi, ni oksidi ya amerisiamu iliyochanganywa na dhahabu na kubanwa ndani ya karatasi nyembamba ya metali, juu imefunikwa na utando mwingine mwembamba ili isipukutike.

Ukiiona kwa wingi, kama metali tupu, amerisiamu ni nyeupe ya fedha, inafifia taratibu ikikaa kwenye hewa, ni nzito kuliko risasi ya ujazo uleule na inayeyuka kwenye nyuzi 1,176 za Selsiasi. Oksidi yake ni nyeusi. Lakini kwa maikrogramu 0.29 hakuna rangi wala uzito utakaouhisi.

Sasa mtu atasema, kama ni kidogo hivo, nikifungua kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba mionzi yake mikuu ni ya alfa. Chembe ya alfa (protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikana) nje ya mwili ni kama bondia mwenye mikono mifupi, inasimamishwa na karatasi, inasimamishwa na ngozi ya juu, kwenye hewa haifiki hata sentimita tano, ndo maana alamu ikiwa nzima haina shida yoyote hata ukilala chini yake. Ila ukikwangua ule utando na vumbi lake likaingia puani au mdomoni hesabu inabadilika, maana amerisiamu ikishaingia kwenye damu inapenda kukaa kwenye mifupa na ini, na pale haina karatasi ya kuizuia, inapiga seli za jirani mwaka baada ya mwaka na mwili unaitoa kwa uvivu sana. Mwaka 1976 huko Hanford, jimbo la Washington, Marekani, mfanyakazi Harold McCluskey mwenye miaka 64 alilipukiwa na mtambo wa kuchuja amerisiamu, vipande vya kioo na kemikali vikamvaa usoni. Alitibiwa kwa DTPA, dawa inayozing'ang'ania atomu za metali hizi ndani ya damu na kuzitoa kwa mkojo, akaishi miaka 11 zaidi, akafa 1987 kwa ugonjwa wa moyo. Kiasi chake kilikuwa kikubwa mno ukilinganisha na cha alamu, sikutishi, nasema tu bisibisi iache palepale ilipo.

Wagunduzi nao walifanyaje

Hii hesabu uliyofanya sio mchezo wa shule, ndo kazi yenyewe waliyokuwa wanafanya watu wa Metallurgical Laboratory kwenye Chuo Kikuu cha Chicago wakati wa vita kuu ya pili. Jina la maabara ni la kuzugia, wakisikika wanasema metalujia mtu adhani wanachezea chuma, kumbe kazi ni plutoniamu, elementi namba 94, ya kutengenezea bomu. Kikosi kilikuwa cha Glenn Seaborg, Ralph James, Leon Morgan na Albert Ghiorso, na huyu Ghiorso ndo alikuwa fundi wa vihesabio vya mionzi. Walikuwa wanatafuta elementi 95 na 96.

Tatizo lao la kwanza halikuwa kuitengeneza, lilikuwa kuikamata. Unapiga plutoniamu kwa chembe, unaamini ndani kumetokea atomu chache za elementi mpya, lakini zimezungukwa na mabilioni ya atomu za plutoniamu na takataka nyingine, utazichomoaje? Kikemia unachagua kemikali inayoshika moja na kuacha nyingine, na ili uchague lazima ujue hiyo elementi ina tabia gani, na utajuaje tabia ya kitu ambacho hujawahi kukipata? Kwa hiyo walibashiri. Walifikiri 95 na 96 zitafuata tabia ya uraniamu na plutoniamu, ambazo ukizibana na vioksidishi vikali (kemikali zinazopora elektroni) zinakubali kupoteza elektroni sita, wakajenga mbinu zao zote juu ya hilo, na kila jaribio linatoka tupu. Miezi inaenda hawapati kitu, na tatizo halikuwa mashine wala plutoniamu, ubashiri ndo ulikuwa mbovu.

Mwaka 1944 Seaborg akaja na wazo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko elementi yenyewe. Alisema pengine hizi nzito zote kuanzia baada ya aktiniamu ni ukoo mmoja, unaofanana na ule ukoo wa lanthanidi unaokaa mstari wa juu yake, na kama ni hivo basi 95 na 96 zitang'ang'ania kupoteza elektroni tatu tu na hazitataka kwenda mbele. Ile mistari miwili unayoiona imetengwa chini kabisa ya jedwali la elementi, wa pili umekaa pale kwa sababu hiyo. Wakabadilisha mbinu, na ikajibu. Ya kwanza kupatikana ilikuwa 96, kiangazi cha 1944, kwa kupiga plutoniamu-239 na chembe za alfa kwenye saiklotroni (mashine ya kuzipa chembe kasi kubwa) ya inchi 60 kule Berkeley, California, halafu sampuli ikapelekwa Chicago kuchambuliwa. Ya 95 ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo.

Namna ilivyopatikana 95 ifuate polepole, maana ndo inavyotengenezwa mpaka leo. Unaweka plutoniamu-239 ndani ya kinu cha nyuklia ambako nyutroni zinaruka kila upande. Atomu inameza nyutroni moja inakuwa plutoniamu-240, inameza nyingine inakuwa 241. Hii 241 haitulii, nusumaisha yake ni miaka 14 tu, na ikivunjika nyutroni yake moja inageuka protoni na elektroni inatupwa nje. Protoni zilikuwa 94 sasa ni 95. Umepata amerisiamu-241 bila kuigusa. Hata plutoniamu ya kinu ikiwekwa stoo inaendelea kuota amerisiamu yenyewe, na wataalamu wakipima amerisiamu imefika kiasi gani wanaweza kusema hiyo plutoniamu ilisafishwa lini mara ya mwisho.

Na walijuaje kwamba walichopata ni 95 kweli na sio uchafu? Kwa kuhesabu, kila isotopi inarusha alfa zenye nguvu zake maalum, ni kama sauti ya mtu, ukishaizoea unaitambua hata gizani. Njia nyingine ilikuwa kuirudisha amerisiamu yenyewe kwenye nyutroni, ikawa Am-242, ambayo ndani ya saa chache inavunjika na kuwa kuriamu-242 (kuriamu ndo jina la ile 96), na hiyo walikuwa wameshaijua sauti yake. Mtoto akimtambulisha mzazi.

Kuzitenganisha 95 na 96 zenyewe kwa zenyewe kuliwatesa kiasi kwamba ndani ya maabara wakazibatiza majina ya utani, moja pandemonia, nyingine deliria, yaani vurugu la mashetani na kuweweseka, na ukijua walivyofanana kikemia huwashangai. Mchanganyiko safi wa kwanza wa amerisiamu alikuja kuupata Burris Cunningham mwaka 1945. Jina rasmi lilitokana na jirani yake wa juu kwenye jedwali, yuropiamu iliitwa kwa bara la Ulaya, basi hii ikaitwa kwa mabara ya Amerika, na kuriamu ikaitwa kwa Marie na Pierre Curie kwa sababu iliyo juu yake, gadoliniamu, nayo ilikuwa na jina la mwanasayansi.

Yote haya yalikuwa siri ya vita. Tangazo rasmi lilipangwa litolewe kwenye mkutano wa wakemia Novemba 1945, ila siku tano kabla, tarehe 11, Seaborg alialikwa kwenye kipindi cha redio cha watoto kilichoitwa Quiz Kids, na mtoto mmoja akamuuliza kama kuna elementi nyingine mpya zimegunduliwa, naye akajibu ndiyo, 95 na 96. Baadaye akapewa hata hataza ya elementi 95 nchini Marekani, mwaka 1964, yaani elementi yenye mwenye hati. Mimi mpaka leo sijakubaliana na hilo lakini ndo ilivyokuwa.

Kuigeuza ile hesabu kichwa chini

Rudi kwenye karatasi yako. Wewe ulianza na nusumaisha ukapata atomu, lakini nani alijua ni miaka 432? Hakuna aliyekaa miaka 432 akisubiri. Walifanya hesabu yako kinyumenyume, unachukua kiasi cha amerisiamu unachojua uzito wake, unaweka kwenye kihesabio, unahesabu mivunjiko kwa sekunde, halafu unatafuta ni nusumaisha gani inakubaliana na namba hizo mbili. Jioni moja ya kuhesabu inakupa jibu la karne nne.

Jibu la mwanzo lilikuwa miaka 510, kukosea juu na chini 20, baadaye vipimo vikaboreka ikashuka hadi 432. Jaribu mwenyewe, weka 510 kwenye hesabu ya mwanzo uone, uzito unapanda kutoka maikrogramu 0.29 hadi kama 0.34. Ndo ujue kwa nini watu wanabishana juu ya nusumaisha, ukiikosea yenyewe kila kitu kinachofuata kinakosewa kwa kiwango hichohicho.

Umeme wa ndani ya alamu

Hii sehemu inawashangaza watu kuliko zote. Ndani ya alamu kuna visahani viwili vya metali vilivyoungwa kwenye betri, hewa tu imevitenganisha, na hewa kavu haipitishi umeme. Chembe ya alfa ya Am-241 inatoka na nguvu ya elektronivolti (kipimo kidogo mno cha nishati) karibu milioni 5.5, na kila inapogonga atomu za hewa inang'oa elektroni, kazi inayoigharimu wastani wa elektronivolti kama 35 kila jozi ya ioni, yaani elektroni iliyong'olewa na atomu iliyoachwa. Gawanya, milioni 5.5 kwa 35, alfa moja inatengeneza jozi karibu 157,000 kabla haijachoka. Zidisha kwa 37,000 za kila sekunde, unapata jozi kama bilioni 5.8. Zidisha tena kwa chaji ya elektroni moja, 1.6 × 10⁻¹⁹, jibu linakuja karibu ampea 0.0000000009, haifiki hata nanoampea moja.

Na hiyo ni kama kila alfa ingefanikiwa kumaliza safari yake. Kwa kweli nusu yake inarushwa kwenda nyuma inaishia kwenye metali iliyobeba, na nyingine zinagonga ukuta kabla hazijamaliza nguvu, kwa hiyo mkondo halisi ni mdogo zaidi. Lakini saketi inausikia. Moshi ukiingia, chembe zake kubwa zinadaka zile ioni, zinakuwa nzito na za polepole, mkondo unashuka na king'ora kinalia. Kwa hiyo alamu haisikii moshi, inasikia umeme umepungua, ndo maana hata mvuke mzito wa bafuni unaweza kuipandisha jazba.

Mbali na alfa kuna mionzi ya gama dhaifu ya elektronivolti kama 59,500, hiyo inapenya plastiki, na ndo itakayosikika ukisogeza kihesabio cha Geiger karibu na alamu iliyofungwa. Mlio wake utakuwa mdogo kuliko ulivyotegemea, usidhani kihesabio kimekufa.

Ilivyobaki leo

Nyuma ya alamu kuna tarehe ya kutengenezwa. Tuseme ina miaka 10. Gawanya 10 kwa 432.2, zidisha kwa 0.693, unapata 0.016, yaani imepungua asilimia 1.6 hivi na asilimia 98.4 ipo. Kwa hiyo mtu akikwambia alamu ya miaka 10 inabadilishwa kwa sababu amerisiamu imeisha, mwambie hapana, kinachochoka ni saketi, king'ora na chumba cha ioni kujaa vumbi, amerisiamu yenyewe ingekuzika wewe na wajukuu wa wajukuu.

Ila ile asilimia 1.6 haikupotea hewani. Am-241 ikitoa alfa inapoteza protoni mbili na nyutroni mbili, 95 inakuwa 93, inageuka neptuniamu-237, ambayo Edwin McMillan na Philip Abelson waliigundua kama elementi mwaka 1940 kule Berkeley, ya kwanza kabisa kupatikana baada ya uraniamu. Isotopi hii ina nusumaisha ya miaka milioni 2 na zaidi kwa hiyo haina haraka. Asilimia 1.6 ya trilioni 728 ni atomu karibu trilioni 11.6, na unaweza kuhakiki kwa njia nyingine, zidisha 37,000 kwa sekunde za miaka 10, utapata trilioni 11.7, tofauti ndogo hiyo inatokana na mivunjiko kupungua kidogo kadri miaka inavyoenda. Kama majibu yako mawili yanapishana zaidi ya hapo, rudi ukaangalie ile k.

Ukimaliza irudishe juu, izungushe mpaka ikae, bonyeza kitufe cha kujaribu usikie king'ora. Na kama tarehe inaonyesha muda wake umepita, usiichome moto wala usiibomoe, soma lebo inasema irudishwe wapi, nyingi zina maelekezo ya mtengenezaji, halafu weka mpya kabla hujaipeleka ya zamani.